José Rizal na deni la vitabu viwili

KILA ifikapo Desemba 30, Wafilipino popote pale walipo humkumbuka mtu mmoja. Wasomaji wetu wa Muscat, Dubai na Doha, ambao kila siku wanafanya kazi pamoja na wauguzi, makarani na mabaharia kutoka Ufilipino, huenda wamekwisha kuiona sura yake bila ya kuitia maanani, kwani imo kwenye sarafu ya peso moja. Jina lake ni José Rizal, daktari wa macho na mwandishi, aliyepigwa risasi na wakoloni wa Kihispania mjini Manila Desemba 30, 1896, akiwa na umri wa miaka 35.

Mengi yameandikwa kuhusu kifo chake. Sisi leo tunataka kuzungumzia jambo lisilo na fahari ya kifo cha shujaa, nalo ni fedha. Rizal aliandika riwaya mbili zilizoutikisa utawala wa Wahispania katika nchi yake. Zote mbili alizichapisha ugenini, kwa gharama zake mwenyewe, na mara zote mbili mfukoni hakuwa na kitu. Nani alizilipia? Alizilipia kwa masharti gani? Na mwisho wa hesabu, mzigo ulimwangukia nani? Anayeyajua majibu ya maswali hayo atamwelewa Rizal vizuri zaidi kuliko anayeijua siku ya kuuawa kwake tu.

Rizal alizaliwa Juni 19, 1861 katika mji wa Calamba, kusini ya Manila, mtoto wa saba kati ya watoto kumi na mmoja wa Francisco Mercado na Teodora Alonso. Ilikuwa familia yenye uwezo, iliyolima miwa na mpunga. Lakini ardhi haikuwa yao. Waliikodi kutoka kwa watawa wa Kidominiko, waliokuwa wenye shamba lote la Calamba. Hilo msomaji aliweke akilini kwa sababu tutalirejea.

Utawala wa Wahispania katika visiwa vile ulikuwa na vichwa viwili, serikali na mashirika ya watawa, na mara nyingi kichwa cha pili ndicho kilichokuwa na nguvu zaidi. Rizal alilijua hilo tangu utotoni. Mama yake alitiwa jela kwa tuhuma za uongo na akakaa huko kiasi cha miaka miwili na nusu. Mwaka 1872 mapadri watatu wazalendo, Gomez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani wakisingiziwa kuhusika na uasi wa wanajeshi wa Cavite. Kaka yake Rizal, Paciano, alikuwa karibu na Padri Burgos, na kuanzia siku hizo mlango wa elimu ya juu kwake ulikuwa kama umefungwa.

Ni Paciano huyo huyo aliyeamua kuwa mdogo wake asome kwa niaba ya wote. Mei 1882 Rizal alipanda meli kimya kimya, bila ya wazazi wake kujua, akapitia Singapore, Colombo, Aden na Mfereji wa Suez hadi Ulaya. Paciano alibaki Calamba akilima na kumtumia hawala kila ilipowezekana. Wengi wetu tulio ughaibuni tunaujua mpango wa namna hiyo. Mmoja huondoka, mwingine akabaki shambani, na anayeondoka huondoka na deni ambalo halikuandikwa popote.

Mjini Madrid alisoma udaktari pamoja na falsafa na fasihi. Mwanzoni mwa mwaka 1884 aliwapendekezea wanafunzi wenzake wa Kifilipino waandike kwa pamoja riwaya itakayoonyesha hali halisi ya nchi yao. Wenzake waliafiki, wakapiga makofi, kisha kila mmoja akashika lake. Wengine walitaka kuandika habari za wanawake tu, wengine waliona raha zaidi kwenye meza ya karata. Hakuna aliyeandika hata ukurasa. Rizal akaona bora aifanye kazi hiyo peke yake.

Alianza Madrid, akaendelea Paris alikokwenda kujifunza tiba ya macho, akamalizia Ujerumani, katika mji wa Heidelberg na kijiji cha Wilhelmsfeld alikokaa nyumbani kwa mchungaji wa Kiprotestanti. Mwishoni mwa mwaka 1886 alikuwa Berlin na mswada ulikuwa karibu kukamilika. Riwaya hiyo aliipa jina la Kilatini, Noli Me Tangere, maana yake usiniguse. Inamhusu kijana aitwaye Ibarra anayerejea kutoka Ulaya akitaka kujenga skuli katika mji wake, akakuta kwamba hata skuli haijengwi pasipo ridhaa ya padri.

Kwa nini Berlin, na kitabu chenyewe ni cha Kihispania? Sababu ni mbili, nazo ni rahisi. Gharama za kuchapa zilikuwa nafuu huko kuliko Uhispania, na mkono wa wakaguzi wa Manila haukufika. Mwaka huo huo wa 1886, mjini Berlin humo humo, kilitoka kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar, aliyekuwa akijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Hatusemi kwamba wawili hao walijuana. Tunasema tu kwamba mji ule wa baridi uliwapokea watu wawili waliotoka visiwa vya mbali, kila mmoja na kitabu kuhusu kwao.

Lakini mswada si kitabu. Kati ya mswada na kitabu yuko mpiga chapa, naye hataki kusikia habari za uzalendo, anataka kujua nani atalipa na lini. Kipupwe hicho Rizal hakuwa na la kumjibu. Mavuno ya Calamba yalikuwa mabaya na hawala ya Paciano ilichelewa. Alikuwa akila mlo mmoja kwa siku, wakati mwingine mkate na maji tu. Nguo zilimchakaa, kifua kikaanza kumkohoza hata akahofu kuwa amepata kifua kikuu. Inasimuliwa kwamba siku moja, kwa kukata tamaa, alikaribia kuutupa mswada wote motoni.

Aliyemwokoa alikuwa rafiki yake, Máximo Viola, mtoto wa familia tajiri ya San Miguel, katika jimbo la Bulacan, aliyesomea udaktari Barcelona. Viola alifika Berlin mwezi Desemba 1886, akamkuta mwenzake katika hali ile, akasikitika. Akajitolea kumkopesha fedha za kuchapia kitabu na za kujikimu.

Hapo ndipo mazungumzo na wapiga chapa yalipoanza kwa dhati. Walizunguka kuuliza bei, wakakubaliana na kampuni moja ya Berlin, Berliner Buchdruckerei-Actien-Gesellschaft, ambayo bei yake ilikuwa ndogo kuliko nyingine. Makubaliano yalikuwa peso 300 kwa nakala 2,000. Kwa hesabu nyepesi kila nakala ilimgharimu senti 15 za peso. Kwa mtu anayekula mlo mmoja, bei hiyo bado ilikuwa mlima.

Rizal hakutaka deni likue. Alikaa chini na mswada wake, akaupunguza kwa kalamu. Sura nzima, inayowahusu Elías, mtoro anayewindwa na serikali, na msichana Salomé, aliiondoa. Haikuondolewa kwa kuwa mbaya, iliondolewa ili kurasa zipungue. Leo wataalamu huichapa sura hiyo kama nyongeza na kujadili ingelikaa wapi. Wachambuzi hupenda kutafuta siri za sanaa katika kila uamuzi wa mwandishi. Hapa siri ilikuwa bei ya karatasi.

Wakati kitabu kimo mtamboni, polisi wa Ujerumani walimfuata wakimtaka pasipoti, naye hakuwa nayo. Walimshuku kuwa jasusi wa Ufaransa kwa sababu alikuwa na tabia ya kuzungukazunguka vijijini. Ubalozi wa Uhispania haukumsaidia kuipata. Ilibidi aende mwenyewe kwa mkuu wa polisi akajieleze, kwa Kijerumani chake kizuri, kwamba anasoma mila na desturi za watu. Wakamwachia. Wangelimfukuza wiki hiyo, pengine kitabu kingelibakia karatasi zilizolowa wino katika ghala la mpiga chapa.

Machi 21, 1887 kitabu kilikuwa tayari. Siku chache baadaye, Machi 29, alimpa Viola zawadi tatu: karatasi za masahihisho, kalamu aliyoandikia, na nakala yenye saini yake. Hawala ya Paciano ilipofika hatimaye, peso 1,000, alimlipa Viola zile 300 zake. Tunaona jambo hili lina uzito wake. Rizal hakuichukua fedha ya rafiki kama mchango wa harakati, ambao haurejeshwi na wala hauulizwi. Alikopa, akalipa, na shukurani akatoa juu ya malipo.

Fedha iliyomlipa Viola, basi, ilitoka Calamba, katika miwa iliyolimwa kwenye ardhi ya watawa wale wale waliosemwa ndani ya kitabu. Watawa walikuwa wakimpangisha adui yao bila ya kujua. Walipojua, walijibu.

Kitabu kilisafirishwa kwa siri hadi Manila kupitia Hong Kong, kikiingizwa kama magendo. Kamati ya Chuo Kikuu cha Santo Tomas ikakihukumu kuwa ni cha uzushi na kufuru. Tume ya ukaguzi ikataka kipigwe marufuku kabisa. Kama ilivyo kawaida, marufuku ilikipandisha bei. Watu walikisoma usiku, milango imefungwa, na nakala moja ikipita mikono mingi. Faida ya bei hizo haikumfikia mwandishi. Ndivyo biashara ya kitabu kilichokatazwa ilivyo, aliyekilipia ni mmoja na anayepata ni mwingine.

Rizal alirudi kwao Agosti 1887, akitaka kumtibu mama yake macho na kujionea kitabu chake kimefanya nini. Gavana Emilio Terrero alimpa ofisa wa kumlinda, ambaye pia alikuwa wa kumchunga. Wakati huo serikali ilikuwa ikiuliza habari za mashamba ya watawa, na Rizal akawasaidia watu wa Calamba kuandaa taarifa ya kodi walizokuwa wakitozwa. Watawa wakazidi kuwaka. Akashauriwa aondoke, na Februari 1888 akaondoka.

Waliobaki ndio waliolipa. Shauri la ardhi lilikwenda mahakamani na wapangaji wakashindwa. Wakati wa Gavana Valeriano Weyler, ambaye baadaye angejipatia sifa mbaya Cuba, askari walipelekwa Calamba na familia nyingi zikatolewa majumbani mwao, wazazi wa Rizal wakiwamo. Paciano na baadhi ya mashemeji walihamishwa kwa nguvu hadi kisiwa cha Mindoro. Mtu aliyekuwa akituma hawala sasa hakuwa na shamba la kutolea hawala hiyo.

Katika hali hiyo ndipo Rizal alipoandika riwaya ya pili, El Filibusterismo, aliyoimalizia Biarritz, kusini ya Ufaransa, Machi 1891. Ibarra wa kitabu cha kwanza anarejea humu akijiita Simoun, mfanyabiashara tajiri wa vito, na hataki tena kujenga skuli. Anataka kuulipua utawala wote. Hasira ya kitabu hiki si ya kubuni.

Wakati huo Rizal alikuwa amekwisha kujitenga na uongozi wa harakati za Wafilipino mjini Madrid baada ya mvutano baina ya wafuasi wake na wa Marcelo H. del Pilar. Mwezi Mei 1891 aliwaandikia wenzake wa Manila wasiendelee kumpa posho yake ya kila mwezi, fedha hizo zitumike kwa jambo bora zaidi kama elimu. Alitaka asiwe mtu wa kuajiriwa na yeyote. Uamuzi huo ni wa kupendeza kuusoma, lakini yeye aliufanya miezi michache tu kabla ya kusimama mbele ya mpiga chapa mwingine.

Julai 1891 alihamia Ghent, Ubelgiji, kwa sababu kuchapa huko kulikuwa rahisi kuliko Brussels. Alipanga chumba pamoja na José Alejandrino, mwanafunzi ambaye baadaye angekuwa jenerali katika vita vya nchi yao. Alejandrino alisimulia kwamba Rizal, kwa kubana matumizi, alinunua bati la biskuti za kifungua kinywa, akazihesabu na kuzigawa sawasawa zitoshe mwezi mzima. Alejandrino zake alizimaliza mapema. Rizal alikula idadi yake kila asubuhi, hakuzidisha.

Mpiga chapa wa Ghent, F. Meyer-Van Loo, alikubali kulipwa kwa mafungu. Masharti hayo yalionekana ya huruma, lakini yalikuwa na mtego ndani yake. Anayelipa kwa mafungu huchapiwa kwa mafungu. Rizal aliweka rehani vito vyake kupata fungu la kwanza. Mafungu mengine aliyategemea kwa marafiki matajiri waliomuahidi. Ahadi hazikufika. Mapema mwezi Agosti mtambo ulisimamishwa, kitabu kikiwa kimefika ukurasa wa 112.

Hebu msomaji afikiri hali hiyo. Kitabu kisichoandikwa hakimuumizi mtu. Kitabu kilichochapwa nusu ni deni lisilo na mali, kwa kuwa mpiga chapa anadai na wewe huna cha kuuza. Rizal alivunjika moyo na akamwandikia rafiki yake wa Hong Kong, José María Basa, kwa uchungu, akilalamikia waliomuahidi wakanyamaza. Kwa mara nyingine alikaribia kuuteketeza mswada.

Mara hii aliyemwokoa alikuwa Valentín Ventura, Mfilipino tajiri aliyekaa Paris, ambaye alipata habari za kukwama kwake na akatuma fedha zilizohitajika. Mtambo ukaanza tena. Septemba 18, 1891 kitabu kilitoka, kimetabarukiwa mapadri watatu walionyongwa mwaka 1872. Kilikuwa na sura 39, pungufu sana kuliko kile cha kwanza. Ventura alipewa mswada wenyewe wa mkono pamoja na nakala yenye saini. Miaka mingi baadaye serikali ya Ufilipino iliununua mswada huo kwake kwa peso 10,000. Mwandishi wake aliyeuandika akihesabu biskuti hakuiona hata senti moja.

Mwezi Oktoba Rizal aliondoka Ulaya kwenda Hong Kong. Huko walimfuata baba yake, Paciano, mama yake na dada zake, sasa wote wakimbizi. Alifungua chumba cha tiba ya macho na kuwalisha kwa udaktari wake. Kwa miezi michache aliyekuwa akitumiwa hawala akawa yeye ndiye mlezi. Lakini hakuweza kutulia huku watu wa Calamba wakiteseka kwa ajili yake. Juni 1892 alirejea Manila, akaunda jumuiya ya La Liga Filipina, na siku chache tu baadaye akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Dapitan, katika kisiwa cha Mindanao.

Huko alikaa miaka minne, akitibu watu na kufundisha watoto. Vita vya ukombozi vilipozuka Agosti 1896 yeye hakuvianzisha wala hakuviafiki, lakini hilo halikumsaidia. Katika mahakama ya kijeshi maandishi yake yaligeuzwa ushahidi dhidi yake. Vitabu alivyovilipia kwa njaa ndivyo vilivyomfikisha uwanja wa Bagumbayan.

Leo hakuna mtoto anayemaliza skuli Ufilipino bila ya kukutana na riwaya hizo mbili, kwani sheria ya mwaka 1956 imelazimisha zisomeshwe. Viola na Ventura wanatajwa katika vitabu vya historia, na haki yao wameipata. Wale waliomuahidi fedha kisha wakanyamaza, majina yao hayana anayeyakumbuka.

Sisi tunaoandika ugenini husifiwa sana kwa maneno. Wapo wanaotwambia andikeni, tuko pamoja. Rizal naye aliambiwa hivyo hivyo Madrid, kwa makofi. Tunachojifunza kwake ni kwamba kitabu huru hakiji bure. Ama mwandishi atakilipa, ama rafiki atamkopesha, ama mwenye fedha atakinunua pamoja na ulimi wake. Rizal alichagua njia mbili za kwanza na akaikwepa ya tatu. Fedha za marafiki zilikuwa na kiwango na tarehe, na mkopo wa Viola ulilipwa wote. Deni la Calamba, la Paciano na wazee waliotolewa katika nyumba yao, hakuweza kulilipa, na alilijua. Ndilo lililomrudisha nyumbani.